Samaki wa mwambani wanapopigana ndani ya tangi: nani akae na nani?

"Mtaalamu, habari za kazi. Nakaa Tabata, Dar es Salaam, nina tangi la maji chumvi la lita 250, urefu mita moja, upana nusu mita na kina nusu mita. Lina mawe hai (mawe ya baharini yenye viumbe wadogo ndani yake) na matumbawe laini machache. Nilianza miezi mitano iliyopita. Nina samaki wa anemoni wawili, mmoja wa rangi ya chungwa mwenye mikanda mitatu myeupe, mwingine wa waridi mwenye mstari mweupe mgongoni. Nina damseli watatu weusi wenye madoa meupe, kangaja mmoja wa bluu mdogo kama kidole gumba, na kitatange mmoja. Kromisi walikuwa watano, wamebaki wawili. Kitatange hali kitu. Yule wa chungwa anashinda nyuma ya bomba la filta na mapezi yamechanika. Muuzaji amepima maji akasema yako safi, na kwamba kila sentimita moja ya samaki inataka lita nne, hivyo bado nina nafasi. Kuna mvuvi ameahidi kuniletea samaki simba mdogo na wengine wapole kutoka upande wa kisiwa cha Mbudya. Mwanangu wa miaka saba amewapa wote majina, kila akifa mmoja ni kilio. Niweke samaki gani ambao hawatapigana?"

Ndugu yangu, pole kwa hao kromisi watatu, na mtoto naye mpe pole zangu. Umeuliza habari za samaki watakaokuja, lakini nikisoma maelezo yako yote naona tatizo liko kwa hao ulio nao. Una samaki tisa, na wengi wao mtu anayeijua kazi hii asingewaweka pamoja katika lita 250. Ukiongeza mpole hata mmoja kabla hujapunguza, umemletea mgomvi mtu mwingine wa kumpiga. Nunua samaki baadaye. Kwanza tuangalie kwa nini hawa wanapigana.

Hao weusi wenye madoa meupe nimekutana nao mara nyingi nikiogelea kwa miwani ya kuzamia juu ya matumbawe. Samaki ana ukubwa wa kiberiti, lakini ukisogea karibu na jiwe lake anatoka na kuja moja kwa moja hadi kwenye kioo cha miwani yako, kama anataka kukutoa jicho. Ukirudi nyuma mita mbili, anageuka na kwenda zake. Hivyo ndivyo ugomvi wa mwambani unavyokwisha: anayefukuzwa akishaondoka machoni, mwenye jiwe anaridhika. Hakuna aliyekufa, na wote wawili wanaendelea kula.

Sasa mhamishie kwenye tangi la mita moja. Anamfukuza mwenzake, mwenzake anakimbia, anagonga kioo. Bado anaonekana. Kwa akili ya damseli, mvamizi huyu hajaondoka, kwa hiyo anamfuata tena, na tena, kuanzia taa inapowaka hadi inapozimwa. Hana roho mbaya kuliko ndugu zake walioko baharini. Anafanya kilekile wanachofanya wao, ila hapa hakuna zile mita mbili za kuumaliza ugomvi. Anayefukuzwa hali vizuri, halali vizuri, na mwili wake unabaki katika hali ya hofu inayodhoofisha kinga. Siku chache baadaye anatoka vidoa vyeupe au anaoza mapezi, na mwenye tangi anasema samaki amekufa kwa ugonjwa. Ugonjwa ulikuwepo kweli, lakini mlango ulifunguliwa na kipigo. Ndiyo maana maji yanaweza kuwa safi na samaki bado wakafa.

Na hawapigani ovyo. Fikiria nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na uani mmoja. Anayetoka alfajiri na kurudi usiku hagombani na anayeshinda uani akikaanga vitumbua. Wanaogombana ni wawili wanaotaka jiko lilelile saa ileile. Samaki nao ni hivyo hivyo: wanagombea tundu la kulala, chakula na mwenzi, na wanamshuku zaidi yule anayefanana nao umbo, rangi na namna ya kula, kwa sababu huyo ndiye mshindani wa kweli. Gobi anayekaa mchangani anaweza kupita chini ya tumbo la kangaja mwaka mzima bila kuguswa. Mlete kangaja wa pili na utaona wembe ukifanya kazi. Wembe huo ni ule mfupa mkali kwenye shina la mkia, ambao kila mvuvi anayemtoa kangaja kwenye nyavu anauheshimu.

Kwa hiyo unapochagua samaki, usijiulize tu kama ni mpole. Uliza anakaa wapi, mchangani, kwenye tundu la jiwe au maji ya kati. Uliza anakula nini. Uliza atakuwa na ukubwa gani akikomaa, na mdomo wake utaweza kummeza nani. Hilo la mdomo halina mjadala: samaki anayekula samaki atamla yeyote anayeingia mdomoni, hata kama wameishi pamoja miezi sita kwa amani. Alikuwa anasubiri akue.

Tuwapitie wako.

Samaki wako wawili wa anemoni ni wa aina mbili tofauti. Yule wa waridi mwenye mstari mweupe mgongoni kwa maelezo yako ni Amphiprion akallopisos, mwenyeji kabisa wa mwambao wetu. Wa chungwa mwenye mikanda mitatu, ambaye watoto wote wanamjua kwenye katuni, inaelekea ni Amphiprion ocellaris. Huyo asili yake ni mashariki ya Bahari ya Hindi na magharibi ya Pasifiki, huku Afrika Mashariki si kwake. Wauzaji huwaweka pamoja kwa sababu wote wanaitwa jina moja, lakini kila mmoja anamwona mwenzake kama mpangaji haramu. Mapezi yaliyochanika na kujificha nyuma ya bomba ni dalili kwamba wa chungwa ameshindwa. Fahali wawili hawakai zizi moja. Chagua aina moja, kisha mtafutie huyo mwenzake wa aina yake aliye mdogo kuliko yeye. Samaki hawa wote huzaliwa wakiwa na uwezo wa kuwa madume, na yule mkubwa kuliko wote kwenye kundi ndiye anayegeuka jike. Ukiweka mmoja mkubwa na mmoja mdogo, wanajipanga wenyewe: mkubwa jike, mdogo dume. Mwanzoni utaona mdogo akitetemeka mwili mzima mbele ya mkubwa. Usiogope, hiyo ni heshima, anasema "nimekubali wewe ni mkubwa." Hawa ndio wanandoa imara kuliko samaki wote ninaowajua wa kufuga.

Na kabla hujashawishiwa kununua anemoni, yule mnyama laini wa baharini mwenye mikono inayochoma, ili "wajisikie nyumbani": hawaihitaji. Baharini anemoni inawakinga na wanaotaka kuwala. Kwenye tangi lisilo na wa kuwala, wanaishi vizuri bila hiyo. Anemoni yenyewe inataka mwanga mkali na tangi lililotulia muda mrefu, na ikikosa inatembea, inaingia kwenye pampu, inasagwa na kuchafua maji yote kwa usiku mmoja.

Damseli watatu lazima watoke. Najua inauma, maana ndio wanaokula vizuri na ndio wagumu kufa, na mwanao bila shaka anawapenda. Ila hawa wanafika sentimita 14 wakikomaa, yale madoa meupe yanafifia, na ukali unaongezeka. Ukitaka kuwabakiza, inawezekana, lakini hilo litakuwa tangi la damseli. Mimi nilipoanza nilimweka mmoja mdogo kama ukucha, nikaambiwa na muuzaji kwamba ni wa kuanzia tu. Baada ya miezi minane hakuna samaki mpya niliyeweza kumwingiza. Bleni, samaki mdogo wa kukaa kwenye mawe, niliyemtafuta kwa wiki tatu alikutwa asubuhi nje ya tangi, amekauka sakafuni. Aliruka kukimbia kipigo.

Kuwakamata kwa kimia ni kazi bure, watakuzungusha hadi ubomoe mawe yote. Tengeneza dema. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, kata sehemu ya juu, igeuze mdomo uingie ndani, kisha ibane kwa uzi wa nailoni. Toboa vitundu vidogo ubavuni maji yapite, weka kipande cha nyama mbichi ya kamba wa baharini ndani na ulaze chupa mchangani. Wakiwa na njaa ya siku moja wataingia, na hao ndio huingia wa kwanza kwa sababu ndio wajasiri. Baada ya dakika chache una samaki kwenye chupa bila kugusa jiwe hata moja. Mpe mwanao kazi ya kulinda dema, ataipenda.

Kitatange. Huyu ndiye anayenisikitisha zaidi katika maelezo yako. Vitatange wengi chakula chao ni minyoo midogo, anemoni na matumbawe yenyewe, na wapo wasiokula kitu kingine. Chaetodon trifasciatus, kwa mfano, yule wa njano mwenye mistari myembamba ya zambarau ubavuni, huishi kwa kudonoa matumbawe hai tu. Mwekee chakula cha punje na atakipita kama mawe. Hajasusa, ndivyo alivyoumbwa. Na akianza kula, atakula matumbawe yako. Jaribu leo nyama ya chaza au kome mbichi ikiwa ndani ya gamba lake lililofunguliwa, uibane kwenye jiwe. Baadhi ya aina hudonoa hivyo. Akikataa kwa siku mbili tatu, mrudishe kwa muuzaji au kwa mfugaji mwenye tangi kubwa lisilo na matumbawe. Kwa tangi lenye matumbawe, mimi sishauri kitatange hata mmoja, wala samaki malaika wakubwa wa jamii ya Pomacanthus. Wale watoto wao wa bluu wenye duara nyeupe wanatia tamaa, lakini wanafika sentimita 40 na wana tabia ileile ya kudonoa.

Kangaja wa bluu anafika kama sentimita 30. Kuna imani kwamba samaki hukua kwa kadiri ya tangi. Si kweli. Kinachotokea ni kwamba samaki aliyebanwa hudumaa kwa mateso na kufa mapema. Hapa ndipo ile hesabu ya sentimita na lita inapovunjika. Samaki kumi wa sentimita 3 na samaki mmoja wa sentimita 30 kwa hesabu ya muuzaji ni sawasawa. Lakini samaki akirefuka mara kumi, uzito wake unaongezeka kama mara elfu, kwa hiyo huyo mmoja ana uzito wa karibu mara mia ya wale kumi wote kwa pamoja. Ndivyo anavyokula, ndivyo anavyochafua, ndivyo anavyovuta hewa. Na kangaja ni mtembezi, siku nzima yuko njiani akitafuta mwani. Tangi lake linaanzia kwenye urefu wa mita 1.8 na lita 600 kwenda juu. Kama una mpango wa kweli wa kujenga la ukubwa huo ndani ya mwaka, mbakize, mpe mwani mkavu kila siku. Kama mpango ni wa mdomoni tu, mwondoe akiwa bado mdogo na anapendwa na wengi.

Kromisi waliobaki, wawili, waache. Waliotangulia inawezekana hawakuuawa na damseli peke yao. Kromisi baharini wanaishi kundi kubwa, na kipigo cha mkubwa kinagawanyika kwa wengi. Wakiwa watano kwenye tangi dogo, kipigo chote kinamwendea mnyonge, akifa kinahamia kwa anayefuata. Usinunue wengine "kujaza pengo."

Kabla ya wapya kuingia, niseme jambo la hapa kwetu ambalo vitabu vya nchi za baridi havilisemi. Dar ina joto, na umeme hukatika. Maji ya bahari ya nyuzi 25 yanabeba oksijeni karibu miligramu 6.7 kwa lita, yakifika nyuzi 30 yanabeba kama 6.2. Wakati huohuo samaki kwenye joto anavuta hewa zaidi. Kuna na la amonia, uchafu unaotoka kwa samaki: kadiri maji yanavyokuwa na joto na pH (kipimo cha asidi ya maji) kubwa, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyogeuka kuwa ile ya sumu. Maji ya bahari pH yake ni kama 8.2, kwa hiyo kiasi cha amonia ambacho samaki wa maji yasiyo na chumvi angekivumilia, wako hatakivumilia. Umeme ukizimwa usiku wa Februari, pampu zikisimama, samaki wanne wadogo wanaweza kuvuka hadi asubuhi mahali ambapo tisa wangekufa. Kwangu mimi hiyo ndiyo hesabu ya kweli ya idadi ya samaki kwa Dar: wangapi watapona usiku ambao umeme haupo. Nunua pampu ya hewa ya betri kabla ya samaki mwingine yeyote. Mchana elekeza feni juu ya uso wa maji, inashusha joto kwa nyuzi moja au mbili. Kinachopungua kwa mvuke kijazie kwa maji yasiyo na chumvi, yale ya RO (yaliyochujwa kwa mashine), maana chumvi haipandi na mvuke. Lenga nyuzi 25 hadi 27. Matumbawe nayo yatakushukuru, kwani joto ndilo lililoyapausha matumbawe ya mwambao wetu mwaka 1998.

Nikuombe pia usitosheke na neno "safi." Omba namba. Amonia iwe 0, nitriti 0, chumvi iwe gramu 35 kwa lita au karibu na hapo. Muuzaji asiyekupa namba hajapima kitu.

Sasa mvuvi wako. Samaki simba simtaki kabisa kwenye tangi lako, kwa sababu mbili. Kwanza mdomo wake: usiku mmoja atameza kromisi, gobi na samaki wa anemoni. Pili miiba yake ina sumu, na nyumbani kuna mtoto wa miaka saba anayependa kuwagusa marafiki zake. Ikitokea mtu amechomwa na samaki huyo popote pale, atumbukize sehemu iliyochomwa kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa nusu saa au zaidi, maana joto hupunguza nguvu ya sumu hiyo. Kisha aende hospitali.

Na upande wa Mbudya hapavuliwi. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari tangu mwaka 1975. Samaki wadogo unaoletewa kwa bei ya kutupa ndio waliokuwa wakue pale na kujaza mwamba wote wa Kunduchi na Msasani. Matumbawe magumu nayo yako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, huwezi kuyabandua ukayauza utakavyo. Nawapenda samaki hawa kiasi cha kuwaweka sebuleni, kwa hiyo siwezi kukaa kimya juu ya hili. Mwambie mvuvi hapana. Nunua kwa muuzaji anayeweza kukuonyesha kibali cha uvuvi na kukuambia samaki ametoka wapi. Ukipata waliozalishwa tangini, chukua hao kwanza. Wamezoea chakula cha punje na hawajui bahari.

Vilevile hao unaowatoa usiende kuwaachia Coco Beach. Watabeba magonjwa ya tangi, na kama si wenyeji wanaweza kuleta balaa. Samaki simba wanaoaminika kutoka kwenye matangi ya watu waliripotiwa Florida, Marekani, mwaka 1985, na leo wametapakaa Karibi nzima wakila watoto wa samaki wa kule. Rudisha dukani, au mpe mfugaji mwingine.

Nani basi aingie? Ukitoa nafasi ya mawe na mchanga, una kama lita 200 za maji. Kwa hizo, mimi ningelenga samaki sita au saba wadogo kwa jumla, wakiwemo hao kromisi wawili.

Ningeanza na gobi mlinzi na kamba wake. Kamba huyu wa jamii ya Alpheus haoni vizuri, lakini ni mchimbaji hodari. Anachimba shimo mchangani kutwa nzima, akitoa mzigo wa mchanga mbele yake kama anasukuma toroli. Gobi anakaa mlangoni, macho juu. Kamba akitoka, anaweka papasi yake moja mgongoni mwa gobi na haiondoi. Hatari ikitokea, gobi anatikisa mkia mara moja na kamba anarudi ndani. Mtoto wako akikaa chini usawa wa mchanga kwa dakika kumi bila kupiga kelele, ataona yote hayo. Gobi huyu hagombani na anayeogelea juu. Anachohitaji ni mchanga wa kina cha sentimita tano hivi na mawe yaliyokaa juu ya kioo cha chini, yasikae juu ya mchanga. Kamba akichimba chini ya jiwe lisilo na msingi, litaanguka.

Wa pili ni bleni mla mwani, Salarias fasciatus. Uso wake ni wa kuchekesha, midomo minene, anakaa kwenye jiwe akikuangalia. Tangi la miezi mitano lina mwani wa kumtosha mmoja, si wawili.

Wa tatu, samaki kadinali mmoja. Anatulia maji ya kati, anaamka zaidi jioni. Watu wengine hupenda zaidi yule gobi wa moto, Nemateleotris magnifica, mwenye pezi refu kama mlingoti na nyuma nyekundu. Ni mzuri na mpole, lakini ni mwoga na anaruka. Tangi bila wavu wa kufunika juu, utamkuta sakafuni.

Halafu jozi yako ya samaki wa anemoni, na hapo simama.

Utasikia watu wakisifia anthia, wale wekundu wa chungwa wanaojaa kwenye miamba yetu. Ni kweli wanapendeza, dume mmoja na majike wake, na dume akifa jike mkubwa anageuka dume. Lakini wanataka kula mara tatu nne kwa siku. Anayetoka Tabata saa kumi na moja alfajiri kuwahi kazini hawezi. Samaki msafishaji, yule mwembamba mwenye mstari mweusi anayewadonoa wenzake vimelea, mwache baharini pia. Kwenye tangi lenye samaki wachache hana wateja, na wengi hufa kwa njaa.

Mpangilio wa kuingia una uzito sawa na uchaguzi wenyewe. Mpole na mwoga anatangulia, mwenye hamaki anakuja mwisho, ili kila mmoja akute wenyeji wanaojua vyumba vyao. Kwa kuwa samaki wako wa anemoni ameshajimilikisha tangi, mtoe umweke kwenye ndoo yenye pampu ya hewa, sogeza mawe mawili matatu ili ramani yake ibadilike, ingiza wapya, zima taa, mrudishe kesho yake. Kama una chombo cha plastiki cha kuonyesha chenye matundu, mpya akae humo ndani ya tangi siku tatu, waonane bila kugusana. Acha wiki mbili kati ya kundi moja na jingine, bakteria wanaobadilisha amonia wapate muda wa kuongezeka kufuata mzigo mpya.

Na kila mpya akae karantini kwanza, tangi dogo la lita 40 lenye kipande cha bomba cha kujifichia, kwa wiki nne. Kimelea cha vidoa vyeupe, Cryptocaryon irritans, hukaa kwenye ngozi ya samaki siku chache, kisha hudondoka, hujifungia mchangani, na hutoka tena kikiwa kimeongezeka kwa mamia. Ndiyo maana vidoa "hupona" na kurudi vibaya zaidi. Dawa yake ya shaba hufanya kazi, ila huua matumbawe, kamba na konokono. Isiingie kamwe kwenye tangi kubwa, hata ukiambiwa ni "salama kidogo."

Ukimwona samaki anahema haraka juu ya maji, vidoa vimeenea, au wawili wamekufa ndani ya siku moja, usisubiri jibu la mtandaoni. Badilisha robo ya maji kwa maji ya chumvi uliyoyatayarisha kwa joto lilelile, ongeza hewa, kisha tafuta daktari wa mifugo anayeshughulika na samaki. Ukikosa wa karibu, ulizia idara inayofundisha sayansi za viumbe vya majini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi Tanzania, wakuelekeze. Kama unakaa ghorofani, mwite fundi ujenzi aangalie sakafu, kwa sababu tangi lako na mawe yake linazidi kilo 300. Fundi umeme naye akuwekee kikata umeme cha usalama, maana mikono yenye maji chumvi na waya wa pampu havipatani. Na ukiwa na kidonda mkononi, vaa glavu kabla ya kuingiza mkono. Kidonda kisichopona wiki kadhaa baada ya kusafisha tangi mwonyeshe daktari, na mwambie kwamba unafuga samaki.

Ukienda kupimisha maji, yabebe kwenye chupa safi iliyojaa hadi mdomoni, yafike siku hiyohiyo, na uniandikie namba zote pamoja na picha ya huyo wa chungwa kutoka ubavuni. Nikiyaona mapezi nitakuambia kama yanaota upya au kama kuna maambukizi.